Kabla Theluji Haijabisha Hodi: Amri Saba za Kufunga Bustani Minnesota

Ndugu mkulima wa Minnesota, wewe uliyekulia mahali ambapo sukuma wiki huchumwa Januari hadi Desemba, huku bustani ina saa ya kufungwa, na anayeifunga ni sakitu. Minneapolis, umande huo wa barafu kwa kawaida hushuka usiku mmoja wa Oktoba. Asubuhi unakuta mchicha umelala chini na majani ya maboga yamekuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Usikae kuomboleza. Bustani ya Juni hulimwa Oktoba, na amri zake ni hizi.

1. Usizionee nyanya huruma. Utabiri ukitaja nyuzi sifuri za Selsiasi, chuma zote jioni ileile, mbichi kwa mbivu. Mchelea mwana kulia hulia yeye: ukiziacha zipate siku moja zaidi, kesho utaokota rojorojo. Zilizokomaa na kuanza kupauka zipange kwenye boksi bila kulaliana, utie na ndizi mbivu, maana gesi inayotoka kwenye ndizi huziivisha. Zile ndogo ngumu ni za achari. Mashina yenye madoa ya ugonjwa usiyatie kwenye mboji. Yatupe kabisa, usije ukafuga maradhi ya mwakani.

2. Sukuma usiiguse bado. Sukuma wiki hustahimili sakitu nyepesi, tena baridi huifanya igeuze wanga wake kuwa sukari. Atakayeing'oa mapema ameikosa ile tamu kuliko zote za mwaka. Endelea kuchuma hadi baridi kali iingie. Ikizidi, ikatekate, itumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 3, itie kwenye maji ya barafu, kisha ikamue kwa viganja hadi iache kuchuruzika. Fungasha mafungu ya mlo mmoja mmoja, uweke kwenye friza. Februari, theluji ikiwa imefika dirishani, utasonga ugali bila kumuuliza mtu mboga iko wapi.

3. Mbegu ni mahari, usiziache nje. Managu huyapati kwenye kila duka la huku, kwa hiyo mche mmoja mzuri uache uzae. Tunda likiwa limeiva barabara, liponde ndani ya bakuli la maji: ganda litaelea, mbegu zitazama. Zioshe, zianike kwenye sahani ndani ya nyumba mpaka zikauke kabisa, kisha tia kwenye bahasha na uandike jina na mwaka. Mchicha ni rahisi zaidi: kausha mashuke, fikicha, pepeta kwa ungo. Sukuma ndiyo yenye maringo; hungoja mwaka wa pili ndipo itoe maua, na baridi ya Minnesota kwa kawaida haiipi nafasi hiyo. Mbegu zake nunua.

4. Beba majani ya jirani. Kila Oktoba watu hukusanya majani yaliyopukutika, wakayatia kwenye mifuko na kuyaweka kando ya barabara yachukuliwe. Hiyo ni mbolea inayofukuzwa nyumbani. Bisha hodi, uombe, na uulize kama nyasi za uwanja huo zimepigwa dawa ya magugu. Kama hazijapigwa, beba. Yasagesage, yatandaze juu ya matuta. Minyoo na vijidudu watayageuza udongo. Ardhi isiachwe uchi msimu mzima wa baridi.

5. Panda wakati wengine wanang'oa. Kitunguu saumu huhitaji baridi ndipo kigawanyike vipande. Katikati ya Oktoba, panda kila punje ncha ikitazama juu, kina cha sentimita 5 hivi, nafasi ya sentimita 15. Udongo ukishapoa, funika kwa nyasi kavu unene wa sentimita 10 au zaidi. Utavuna Julai.

6. Funga maji kabla hayajakupasulia bomba. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba halina pa kukimbilia. Funga koki ya ndani inayopeleka maji nje, fungua ile ya nje yamwagike yote, kisha uutoe mpira, uukamue maji na kuuweka ndani. Jembe na reki visugue udongo, vipake mafuta, vihifadhi pakavu.

7. Chora ramani. Andika kila tuta lilibeba nini mwaka huu, kwa sababu nyanya hazifai kurudi palepale mwakani. Wala usipeleke hapo bilinganya, pilipili au managu, kwani wote ni ukoo mmoja na maradhi yao huambukizana. Ramani hiyo ibandike jikoni. Mei itakapofika, wenzako wakiwa bado wanahangaika kutafuta udongo wa kununua, wewe utakuwa na ardhi iliyoshiba, mbegu kwenye bahasha na vitunguu saumu vilivyokwisha kuchipua.