Namna ya Kuongopa kwenye Ramani ya Bahari Bila Kuzamisha Mtu

Ndugu yangu, anayekuambia kwamba ramani nzuri haiongopi hajawahi kuchora hata moja. Bahari ya Mediterania ina urefu wa karibu kilomita 3,700, nawe umepewa ngozi moja ya kondoo. Utaongopa tu, utake usitake. Kinachobaki ni kuongopa kwa adabu, na mabingwa wa fani hiyo ni wachoraji wa Genoa, Venice na Majorca wa karne ya 13 na ya 14. Sogea karibu nikupe siri zao.

1. Nenepesha visiwa. Chukua kisiwa chenye urefu wa kilomita 2. Kwenye ramani ambayo sentimita 1 inabeba kilomita 50, kisiwa hicho hakifiki hata nusu milimita: ni doa la nzi. Baharia anayekitafuta usiku kwa mwanga wa kandili, chombo kikiyumba, hatakiona mpaka akipande. Basi kikuze mara tano, hata mara kumi. Kisha kipake rangi: hiki chekundu, jirani yake kijani, yule wa tatu buluu, macho yasije yakavichanganya.

2. Chongoa rasi, viringisha ghuba. Nahodha huhesabu safari yake kwa rasi. Akiipita hii, anaitafuta ile. Kwa hiyo kila rasi itokeze baharini kuliko ilivyoumbwa. Katikati ya rasi na rasi usijichoshe kufuata kila kona ya ufuo. Vuta upinde mmoja laini, uunganishe na mwingine, usonge mbele. Hakuna atakayekuja kukudai mchanga uliouacha.

3. Usipopajua, pabane. Wachoraji wale waliijua Mediterania bandari kwa bandari. Nje ya mlango wa Gibraltar habari zilikuwa haba, na pwani ya Atlantiki wakaichora kwa skeli ndogo zaidi kwenye ngozi ileile. Itazame Carta Pisana, ramani kongwe kuliko zote za aina hii zilizobaki, iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris. Italia unaitambua mara moja. Uingereza ni kipande kidogo kisicho na umbo. Fuata mfano huo. Pwani fupi yenye majina machache ni bora kuliko pwani ndefu yenye bandari za kubuni, kwa sababu kuna mtu atakayekwenda kuzitafuta.

4. Mfurahishe mlipaji. Binadamu ni yuleyule siku zote: akifunguliwa ramani, anatafuta kwao kwanza. Basi bandari kubwa ziandike kwa wino mwekundu, ndogo kwa mweusi. Majina yote yalaze upande wa nchi kavu, bahari ibaki wazi kwa mwenye kazi nayo. Kama mteja ni mfalme, mpe zaidi. Katika Atlasi ya Kikatalani ya mwaka 1375, Majorca imepakwa mistari ya dhahabu na nyekundu, rangi za mfalme wa Aragon. Kisiwa kizima kimegeuzwa bendera, na sawa tu, maana rangi haipandishi chombo mwambani.

5. Hatari ipe nafasi kuliko haki yake. Mwamba uweke msalaba mdogo, fungu la mchanga lijaze nukta. Usiogope kuzidisha. Mwamba wenye upana wa mita 3, kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiuchora kwa kipimo halali umeuficha, na aliyeuficha mwamba ndiye mwongo wa kweli. Ndiyo maana hata ramani za bahari za leo huuwekea alama kubwa kuliko mwamba wenyewe.

6. Mwelekeo usiuguse. Hapa sina masihara hata kidogo. Rasi ikuze utakavyo, lakini isimame palepale dira inapoionyesha. Ndiyo maana ngozi zile zimejaa mistari ya pepo, kutoka kila upande: nahodha aliegemea mistari hiyo kuliko umbo la pwani. Mwaka 1569 Gerard Mercator aliichora dunia nzima kwa kanuni hiyo: alilinda pembe, akatoa ukubwa sadaka. Kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo nchi zinavyovimba, na kwenye nyuzi 60 kila urefu umezidishwa mara mbili. Kwenye ramani za mtindo wake Greenland inaonekana kutoshana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Mikononi mwa nahodha ramani hiyo ni hazina. Ukutani mwa darasa inampunja mtoto wa Kiafrika bara lake, na haifai kutundikwa hapo bila maelezo.

Basi ongopa ukubwa, lakini mwelekeo useme kweli. Na siku utakapokuwa msomaji badala ya mchoraji, ukikuta kitu kimetiwa chumvi, uliza kimekuzwa kwa faida ya nani. Kama ni ya msafiri, mshukuru aliyekichora. Kama ni ya mlipaji peke yake, using'oe nanga mpaka upate ramani nyingine.