Mbwa, Bahari na Mama Ngina: Mambo Saba, Tukihesabu Kushuka

Nairobi ukimtembeza mbwa msituni Karura, hakuna anayegeuza shingo. Kisiwani Mombasa ukimtoa mbwa matembezi, utatazamwa kuliko meli. Njia yenyewe ni Mama Ngina Drive, ile iliyokuwa ikiitwa Azania Drive, inayoizunguka Ras Serani kutoka upande wa feri ya Likoni hadi kwenye mnara wa taa. Mkono wa kulia bahari, mkono wa kushoto mibuyu, na katikati wewe unaburutwa na mnyama uliyedai unamtembeza. Wangu anaitwa Simba. Ni jina tu.

7. Mfuko
Mbwa akijisaidia, mzoleaji ni wewe. Wazungu kwao hutumia vifuko vya plastiki. Sisi mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini hufika shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Kwa hiyo beba gazeti la jana. Kurasa za siasa ndizo zinazofaa zaidi, zimeshazoea.

6. Kunguru
Kwenye geti letu pameandikwa "Mbwa Kali". Kunguru wa Mama Ngina hawajui kusoma. Wawili humtangulia Simba mbele, wa tatu humvuta mkia kutoka nyuma, kisha wote huruka mbuyuni kucheka. Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, kisha wakaenea hadi huku. Walikula taka, wakahamia kwenye mayai na vifaranga vya ndege wengine, na sasa wamefikia heshima ya mbwa wangu.

5. Jua
Toka alfajiri, au ngoja alasiri ipoe. Mbwa hatoi jasho la maana isipokuwa nyayoni. Joto lake hulitoa kwa kutweta ulimi nje. Na nyayo ndizo zinazokanyaga sakafu iliyookwa na jua tangu asubuhi. Weka mgongo wa kiganja chini, uhesabu hadi saba. Ukishindwa kufika, rudi nyumbani. Viatu unavyo wewe.

4. Mishikaki
Hapa ndipo mafunzo yote huonekana. Nyumbani nikisema "keti", Simba hunitazama kwa huruma. Mbele ya jiko la mishikaki huketi bila kuambiwa, kimya, masikio yamesimama, mwanafunzi bora wa mkoa. Jirani wa jiko hilo, muuza mihogo, anapasua muhogo wa kuchoma, anachovya nusu ya ndimu kwenye chumvi na pilipili, anausugua mpaka mate yanakudondoka wewe pia. Mkanye muuzaji mapema, kwa sababu wote wana roho nzuri na watamtupia mbwa kipande chenye kachumbari. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, na hapo sifanyi mzaha. Nyama tupu, sawa. Bili ni yako.

3. Meli
Mkondo wa kuingia bandari ya Kilindini ni mwembamba, na meli za makontena hupita karibu hata ukamwona baharia amejiegemeza kwenye reli anavuta sigara. Simba huanza kubweka tangu pua ya meli inapotokeza, na hunyamaza ikishapotea kuelekea bandarini. Kisha hugeuka, kifua mbele. Kwa hesabu yake, hakuna meli aliyoibwekea ikathubutu kubaki.

Wareno nao walijenga ngome ndogo ya Mtakatifu Yosefu hapahapa Ras Serani, walinde lango hilihili. Magofu yake yapo. Waomani wakawang'oa Mombasa mwaka 1698. Simba bado yupo kazini, na mshahara wake ni mifupa.

Ila usimwache ashuke kwenye miamba kuwafuata kaa. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka mita tatu hadi nne, na jiwe lililokuwa kavu ulipokuwa unapiga picha huwa limeshazama unapomaliza kuchagua iliyo nzuri.

2. Kanzu nyeupe
Waislamu wengi wa Pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: nguo ikiguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji na udongo. Sasa vuta picha ya mzee aliyetawadha, kanzu imenyooshwa pasi, anawahi sala, na Simba anataka kumsalimia kwa ulimi. Fupisha kamba, hamia upande wa pili, sema "samahani mzee" kabla hajasema yeye. Mbwa wako hana chuki na mtu, lakini mfuaji wa ile kanzu si wewe.

Usidhani utachukiwa. Kuna wazee kwenye yale mabenchi watakaokusimamisha, wakiwa umbali wa kutosha, wakusimulie kisa cha Ashabul Kahf, wale watu wa pangoni, na mbwa wao aliyelala mlangoni mwa pango. Kisa ni kirefu na Simba hana subira. Sikiliza wewe.

1. "Haumi?"
Utaulizwa na kila mtu.

"We kijana, mbwa wako haumi?"

"Haumi, mama."

"Na hayo meno ni ya urembo?"

Hapo sina jibu, na mama ana haki. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutokana na mbwa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo hivyo, na haitafika huko kwa wenye mbwa kutabasamu na kusema "haumi". Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Si kesho, wala si baada ya kumtafuta mwenye mbwa mgombane.

Kwa hiyo kabla ya kununua kamba ya rangi, mchanje mbwa wako, na urudie kila mwaka. Kadi ya chanjo tia mfukoni pamoja na lile gazeti. Yule mama atataka kuiona, na ataisoma hadi tarehe.