Kijiti Hakijui Kitu

Ijumaa iliyopita, mbele ya mkurugenzi na ukuta mzima uliomulikwa na projekta, mtengeneza programu mmoja alisema "inalodi" mpaka neno likaisha ladha. Alikuwa anahamishia kumbukumbu za wateja kwenye seva mpya. Kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kijiti kilikuwa kinazunguka.

"Vipi hapo?" akauliza mkurugenzi.

"Inalodi, mkuu."

Chai ikaletwa, maandazi yakaisha, kijiti bado kinazunguka kwa bidii ya kibarua aliyemwona msimamizi. Ndipo mama mhasibu akatia neno: "Mwanangu, hivi hicho hakizunguki hata mtandao ukikatika?" Macho yote yakaenda kwenye soketi. Plagi ya ruta ilikuwa imechomolewa ili birika la umeme lipate nafasi. Chai waliyokuwa wanainywa ndiyo iliyokata kazi, na kicheko cha siku ile kimeshafika idara zote, hadi kwa walinzi wa getini.

Jibu la swali la mama mhasibu ni ndiyo, kinazunguka. Katika programu nyingi kijiti huchorwa na sehemu ya pembeni inayoamka kila baada ya kitambo kidogo, kuandika herufi, kisha kulala tena. Kinafuata saa, hakifuati kazi. Sehemu inayofanya kazi yenyewe inaweza kuwa imekwama ikingoja seva, na isipowekewa kikomo cha kungoja, itangoja tu.

Ufundi wake, hata hivyo, unapendeza mno. Zinatosha herufi nne: | / - \. Baada ya kila herufi programu hutuma alama ya kurudi mwanzo wa mstari, na herufi inayofuata huikalia iliyotangulia. Alama hiyo ni urithi wa teletaipu. Kwenye Teletype Model 33, mashine ya mwaka 1963 iliyopiga herufi 10 kwa sekunde, ilirudisha kichwa cha kuchapia upande wa kushoto bila kusogeza karatasi. Safari hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kupiga herufi moja, kwa hiyo alama ya kushuka mstari ilitumwa baada yake, kichwa kikapata nafasi ya kufika. Mtu angejaribu kuzungusha kijiti kwenye mashine ile, herufi zote nne zingegongwa mahali pamoja, na mzunguko wote ungeishia kuwa doa la wino. Ilibidi kije kioo, ambapo herufi mpya huifuta ya zamani.

Visa vya kijiti havikuishia Ijumaa. Jumatatu fundi wetu alikatisha programu kwa Ctrl+C, na kishale cha kuandikia, kilichofichwa ili kijiti kizunguke, kikabaki kimefichwa. Jumanne akafungua faili ambamo programu huandika yanayotokea, akakuta vijiti tupu.

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 2016 watumiaji wa npm, programu ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, waligundua kwamba wakizima mchoro wa kuonyesha maendeleo ya kazi, usakinishaji unamalizika kwa karibu nusu ya muda. Mchoro wa kumtuliza anayengoja ndio uliokuwa unamngojesha.

Lakini lipo la kuudhi kweli. Siku hizi kijiti kimepitwa na wakati; mtindo ni vinukta vinavyokimbizana, na mmoja unaopendwa sana una picha 10, kila moja ikikaa milisekunde 80. Vinukta hivyo ni herufi za nukta nundu, maandishi aliyoyachapisha Louis Braille mwaka 1829 ili wasioona wasome. Unicode, orodha ya herufi zinazotumiwa na kompyuta, iliziingiza zote 256 mwaka 1999. Wenye macho wamezifanya pambo, na mtengeneza programu asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, hukatizwa na kila badiliko la herufi ambazo kwa pamoja hazisemi neno lolote. Kati ya watu wote, huyu ndiye wa kufanyiwa hivyo?

Mwaka 2025 GitHub CLI, programu ya kutumia GitHub kwenye terminali, iliweka mpangilio wa kuzima mzunguko huo na kuonyesha maandishi ya kawaida badala yake. Kuuwasha mpangilio huo, bila shaka, ni juu ya mtumiaji mwenyewe.