Ramani Haijui Mwezi wa Nne

Kutoka Tabora kwenda Ujiji siku hizi hakuhitaji akili nyingi. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Lami nayo imeingia Urambo na Kaliua. Mto Malagarasi, uliowatoa wasafiri wa karne ya 19 jasho na hongo, leo una Daraja la Kikwete, na abiria wa basi wanauvuka wamelala midomo wazi. Mtu anayetaka kufika Ujiji anakata tiketi, ananunua kuku wa kukaanga dirishani, anafika.

Shemeji yangu hataki kufika. Anataka kusafiri.

Ni Mzaramo wa Kisarawe, anafanya kazi Dar es Salaam katika ofisi yenye kiyoyozi. Tangu anunue Prado ya mkononi, kila usiku anaangalia video za watu wa Afrika Kusini wanaochoma nyama kando ya gari katikati ya Kalahari. Dada yangu anasema mwanzoni alidhani ni mwanamke, akapekua simu, akakuta matairi. Hatimaye shemeji akatangaza kwamba tutapita njia ya zamani ya msafara kutoka Tabora hadi Ujiji, porini, pasipo kukanyaga lami isipokuwa kwa dharura. Nasi sote tungekwenda, dada, mimi na michembe ya mama mdogo. Safari ingekuwa wakati wa Pasaka, kwa kuwa ndipo likizo ilipopatikana.

Mkutano wa maandalizi ulifanyika Isevya, mjini Tabora, sebuleni kwa baba mdogo, ambaye miaka mingi aliendesha malori ya tumbaku kati ya Tabora, Urambo na Kaliua, na sasa amestaafu pamoja na mgongo wake. Shemeji alipanga simu mezani kama mtu anayeuza. Mama mdogo akauliza kama hiyo GPS haitamaliza bando njiani, na hapo nampa shemeji haki yake, maana alieleza vizuri. Setilaiti ziko juu kilomita kama 20,000, zinatangaza saa na mahali zilipo, na simu inasikiliza tu, haijibu kitu. Kwa kulinganisha matangazo ya setilaiti nne au zaidi, inajua ilipo kwa tofauti ya mita chache, hata kama hakuna mnara wa simu mpaka Kongo. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe, na hiyo unaipakua mapema ukiwa mjini.

"Kwa hiyo simu itajua tulipo," alisema mama mdogo, "ila sisi hatutajua."

"Ndiyo maana tunapakua ramani, mama."

Akatuonyesha programu zake. Google Maps unaichorea mraba unaoutaka, inaupakua, na unaendesha bila mtandao. Organic Maps ni nyepesi, ilizaliwa 2021 kutokana na Maps.me, haina matangazo ya biashara. OsmAnd ina kila kitu, mpaka mistari ya miinuko ya ardhi, na mipangilio yake ingefaa kufundishwa VETA. Tracks4Africa, ya Afrika Kusini, imejengwa kwa njia zilizorekodiwa na wasafiri waliozipita kweli kwa magari yao, jambo jema sana, ila ukiitazama pori la Kaliua unaona wazi kuwa wasafiri hao walipitia Serengeti.

Shemeji akagonga meza. Programu tatu, alisema, Maps.me, Organic Maps na OsmAnd, zinaonyesha njia ileile ikikata kutoka kusini ya reli mpaka upande wa Malagarasi. Mashahidi watatu! Tatizo ni kwamba zote tatu zinachota kisima kimoja, OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuichora. Mashahidi watatu waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja mwenye suti tatu.

Baba mdogo alikuwa kimya muda wote, akimenya karanga. Akauliza, "Mnakwenda lini?"

"Programu inasema saa sita na dakika arobaini, baba."

"Nimeuliza lini. Sijauliza muda gani."

"Pasaka. Mwezi wa nne."

Baba mdogo akatazama dari, akarudi kwenye karanga zake.

Tabora ina historia ndefu ya ramani zilizochorwa na watu waliokaa mbali. Mwaka 1856 wamisionari wawili wa Kijerumani waliokuwa pwani yetu, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walitoa ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Hawakuwa wamelizua. Waliwauliza wafanyabiashara wa misafara. Aliyekwenda bara kutokea kusini alisema nilifika kwenye maji, wa katikati akasema nilifika kwenye maji, wa kaskazini naye hivyo hivyo. Wamisionari wakaunganisha maji. Wakubwa wa jiografia wa London wakacheka, lakini si sana, maana hawakuwa na ramani nyingine ya kuweka mahali pake.

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapahapa Tabora, Novemba 1857, konokono yule akiwa bado na heshima zake. Akawapokea Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, akawalisha, akawaambia palepale kwamba hayo ni maziwa mbalimbali. Kusini liko Nyasa, magharibi liko la Ujiji, kaskazini liko Ukerewe. Speke alikwenda kaskazini mwaka uliofuata, akaliona la Ukerewe mwezi Agosti, akalipa jina la malkia wake. Ila konokono alikuwa amekwisha kukatwa vipande barazani, na mtu aliyekuwa amekaa tu nyumbani kwake.

Nilimsimulia shemeji kisa hiki, nikimwonyesha kwa macho baba mdogo na karanga zake. Shemeji akasema kweli, ndiyo maana teknolojia ni muhimu.

Hata njia yenyewe ya msafara ililetewa ubishi. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya moja kwa moja. Stanley, baada ya kujitia kwenye vita isiyomhusu na kukimbizwa, aliondoka Tabora tarehe 20 Septemba akizunguka kusini kabisa ndipo apande kuelekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Dada akataka tufuate mzunguko wa Stanley kwa sababu wenyewe ulifika. Shemeji akasema Mirambo alifariki 1884, njia iko wazi.

Mirambo kweli hakutuzuia. Tuliacha lami baada ya kupita Kaliua, anga limetulia, Prado inanukia manukato ya gari, sauti ya mama wa Kizungu ikitamka majina ya vijiji vyetu kana kwamba ni dawa za hospitali. Kazi yangu ilikuwa kushika simu ya pili ili tuone kama inakubaliana na ya kwanza. Ilikubaliana kila mara, kwa sababu niliyoitaja.

Tukafika njia panda. Upande wa kulia, ambao simu ziliutaka, palikuwa na matawi mabichi ya miombo yamelazwa kukata njia.

Mtu wa Dar es Salaam akiona matawi barabarani anajua jambo moja tu, kwamba mbele kuna lori limeharibika. Shemeji akapunguza mwendo, akayazunguka kwa adabu, akapiga honi ili asimgonge utingo. Nikamwambia Burton aliandika kuhusu matawi. Kwenye njia panda za misafara watu wa mbele waliifunga njia isiyo yao kwa majani, au kwa kuichora mstari, ili walio nyuma wasipotee. Shemeji akasema hayo ni ya 1857. Mama wa kwenye simu akasema tuendelee moja kwa moja.

Baada ya hapo ilikuwa mbuga. Sisemi mbuga ya wanyama. Nasema mbuga yenyewe, udongo mweusi wa bondeni ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, gari linapita kwa mtikisiko tu. Masika unavimba, unakuwa kitu kisicho maji wala ardhi. Prado ilipita vizuri mwanzoni. Kisha ikapita kwa shida. Kisha ikaacha kupita, ikakaa, na ilipokaa ilikuwa kama imekuja kukaa.

Shemeji hakushtuka, alikuwa amejiandaa. Akaweka gia ya nguvu, magurudumu yote manne yakachimba kwa ushirikiano. Akatoa mabao ya kutolea gari kwenye mchanga, yangali kwenye nailoni yake, na yalifanya kazi nzuri ya kupotelea chini. Akatoa jeki ndefu, ile ambayo wenye magari ya safari wa Kenya huiita jeki ya Tanganyika. Kila alipoipampu, gari lilibaki palepale na jeki ikaenda chini. Ikawa kama tunapanda nguzo.

Kisha ndorobo wakaja. Wale wa idara za mifugo hushona mitego ya ndorobo kwa kitambaa cha buluu na cheusi, maana ndizo rangi zinazowavuta. Shemeji alikuwa amenunua shati jipya la safari. La buluu. Suruali nyeusi.

Akatokea kijana mchunga ng'ombe, akatuamkia "Shikamooni" kwa heshima zote, akalizunguka gari akiwa ameshika mikono nyuma kama daktari. "Hamkuona majani?" akauliza. Daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji, wanakijiji ndio waliofunga njia. Akaenda kumwita babu yake.

Ndipo, nikiwa nakula michembe juu ya boneti, nikaelewa jambo ambalo baba mdogo alilitazama darini. Mtu anayechora ramani hizi akiwa Ulaya au Dar es Salaam anafuatisha picha ya setilaiti, na picha inayofaa ni ile isiyo na mawingu. Huku kwetu anga lisilo na mawingu ni la kiangazi. Kwa hiyo Tabora iliyomo kwenye simu ni Tabora ya mwezi wa nane, mwaka mzima. Kila kijia cha ng'ombe kinaonekana cheupe, kikavu, kimenyooka. Ramani ya wazi ina hata mahali pa kuandika kuwa njia ni ya msimu, lakini aandike nani, wakati anayejua hana bando na mwenye bando hajui? Programu inakuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, unataka kukwepa barabara za kulipia (Burton angekitumia kitufe hicho pale Malagarasi). Mwezi haikuulizi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe mpaka Bagamoyo walikuwa na kawaida ya kutoka baada ya mavuno na kurudi mvua zikikaribia, wawahi kulima. Pasaka haikuwa kwenye ratiba. Na mbele yetu kulikuwa na mabonde ya Malagarasi na Muyovozi, ardhioevu ya kilomita za mraba zaidi ya 32,000, ya kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000. Ulimwengu mzima unajua kuwa pale ni maji. Simu zilionyesha mstari.

Mzee alifika na maksai wanne na wajukuu wawili. Kabla hajatazama tope aliuliza koo zetu, kama inavyostahili. Aliposikia shemeji ni Mzaramo, uso ukamng'aa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mzee akafungua mlango wa Prado, akaketi kiti cha dereva, akashika usukani. "Gari hili langu. Mtani wangu ameniletea mpaka nyumbani. Ninyi wengine mnaweza kwenda."

"Tuonee huruma, babu," alisema dada.

"Babu zenu walitubebesha mizigo miezi mitatu, tukifika pwani wanatuuzia chumvi kwa bei ya dhahabu. Leo Mzaramo amelala kwenye tope langu, nimwonee huruma?"

Hapo mama wa kwenye simu akaamka, akasema tuendelee moja kwa moja.

Mzee akatazama huku na huku. "Huyu mama yuko wapi?"

"Ni simu, mzee. Anatuonyesha njia."

"Mwambieni ashuke asukume."

Maksai walifungwa minyororo, wakaitwa kwa majina, na Prado ikatoka kwa sauti ambayo sitaieleza kwenye gazeti la familia. Bei ilikuwa ya mtani, yaani mara mbili, ikapunguzwa mara mbili baada ya kelele, ikaongezwa kidogo kwa ajili ya jeki, ambayo wajukuu walilazimika kuichimba kama kisima.

Jioni, mbele ya ugali na uyoga, shemeji alikuwa mtu mwingine. Aliwasha simu, akasema atarekebisha ramani ili ndugu wengine wasiumie. Dokezo linaandikwa bila mtandao, linakaa kwenye simu, linatumwa ukifika mjini. Akaandika, akasoma kwa sauti: njia hii haipitiki masika, ni ya kiangazi tu.

Mzee akaweka tonge chini. "Futa."

"Lakini ni kweli, mzee."

"Ukweli ninaujua. Jana nimetoa Noah, juzi Fuso ya mbao. Ukiandika hivyo wajukuu zangu watakula nini?"

Walibishana mpaka chai ikaja. Shemeji akasimamia usalama wa wasafiri, mzee akasimamia uchumi wa kijiji, na dada, aliyekuwa akijikuna ndorobo, akasimamia talaka. Mwisho wakaandika madokezo mawili. La kwanza lilibaki kama lilivyokuwa. La pili mzee alilisemesha mwenyewe, akamtaka shemeji alisome tena na tena mpaka jina la kijiji limekaa sawa: maksai wapo, mvua na jua, bei maelewano, Wazaramo mara mbili.