Gari Lina Wenyewe

Mgonjwa akienda kwa tabibu aghalabu huonyesha panapomuuma, na tabibu akabonyeza papo hapo. Lakini gari kuukuu, khasa lililozeekea kandokando ya bahari baina ya Malindi na Kilifi, hulalamika kwa kiungo kilicho kizima na kukinyamazia kile kilichooza, likamwacha mwenyewe akijikuna goti ilhali awashwa mgongoni.

Gari langu ni Peugeot 504, la ukoo wa yale yaliyoshinda mbio za Safari mwaka 1975 na tena 1978, sifa ambayo kila fundi hunikumbusha kabla ya kunitajia ujira wake, kana kwamba kikombe cha ushindi nilikabidhiwa mimi. Injini yake ingali na nguvu na adabu. Ulioasi ulikuwa umeme. Nikionyesha ishara ya kushoto katika njia panda ya Gede ili niingie Watamu, waipa zilianza kupangusa kioo kikavu chini ya jua la adhuhuri. Nikikanyaga breki, indiketa ilinikonyeza. Nikiwasha taa kubwa, sindano ya petroli ilipanda taratibu hata ikashuhudia kwamba tangi limejaa pomoni, na kwa bei za zama hizi, hiyo ndiyo hitilafu pekee niliyoisikitikia ilipoondoka.

Honi nayo ilikuwa na hiari yake. Usukani ukikatwa kulia ilipiga, ukirudi ilinyamaza, hata tukawa tunajulikana tunakokwenda kabla hatujawasili. Jioni moja, tulipokuwa twalikaribia daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 likawapumzisha watu na foleni za kivuko, tulijikuta nyuma ya msafara wa harusi, nasi kwa makelele yetu tukahesabiwa kuwa ndio jamaa wenye furaha kupita wote. Tukapungiwa mikono, tukaonyeshwa pa kuegesha, na tukapakuliwa pilau pasi na mtu kutuuliza nasaba. Lakini honi isiyo na mwenye kuiamuru haibagui majlisi. Siku chache baadaye, katika kona moja ya mjini Malindi, tulikabiliana na watu waliobeba jeneza wakielekea makaburini, ikanibidi nishuke mbio, nifunue boneti na kuung'oa waya wake, huku nikiwaomba radhi wafiwa kwa mkono mweusi uliojaa oili.

Hapo mashauri yakaanza kumiminika. Muuza betri alilitazama gari kwa mbali, akahukumu kuwa betri imekufa, akaniuzia mpya. Nayo haikumaliza juma ila ikawa hoi vilevile. Muuza balbu aliapa kwamba dhambi yote ni ya balbu zisizo za asili, na za asili anazo yeye. Jirani mwenye tuktuk aliniusia niliuze gari ninunue tuktuk, na kwa rehema za Mungu alikuwa nayo moja ya kuuza. Mtaliano mmoja, mkaazi wa Malindi wa miaka mingi, asemaye Kiswahili kwa mikono yote miwili, hakuwa na cha kuuza isipokuwa fahari. Alinikumbusha kwamba katika jukwaa la baharini lililoendeshwa na Waitalia huko Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, nayo ikawapatia wataalamu orodha ya vyanzo 339 vya eksirei huko mbinguni. Kisha akaniuliza, kwa huruma iliyonikera kuliko kebehi, itakuwaje chombo kiondoke katika bahari ii hii kikazikague nyota, na umeme wangu ushindwe kuufikia mkia wa gari.

Shangazi yangu ndiye pekee ambaye shauri lake lilikuwa la bure.

“Mwanangu,” alisema, “gari hili lina wenyewe. Usiteketeze fedha zako.”

Kwa kumridhisha nilimwendea maalimu, naye alicheka hata akajishika mbavu, akasema kombe ni dawa ya wanadamu, na gari si katika waliokalifishwa na sharia. Shangazi hakuvunjika moyo. Alitia makaa katika chetezo, akafukiza ubani chini ya boneti kwa ukarimu mkubwa, na moshi ulipoanza kuvuja kila upenyo, vijana wa mtaa wa Shella walikuja mbio na ndoo za maji na mchanga. Katika purukushani ile mmoja wao alilibamiza boneti kwa kishindo, na taa ya nyuma, iliyokuwa maiti tangu Ramadhani, ikawaka.

“Umeona?” akauliza Shangazi.

Nilikuwa nimeona, wala sikuwa na jibu.

Jawabu lilikuja na mzee mmoja aliyeumaliza umri wake akitengeneza malori yabebayo chumvi kutoka Gongoni. Yeye hakuuliza ni taa ipi iliyozimika. Alipitisha kidole chini ya gari, akakilamba, akatafakari kwa muda, akasema, “Chumvi.” Kisha akachukua waya mrefu, ncha moja akaibana kwenye kichwa hasi cha betri, na ya pili akaigusisha kwenye chuma cha taa ya nyuma, nayo ikawaka kwa nuru ambayo sikupata kuiona tangu nilinunue gari lile.

Kumbe umeme wa gari hutoka betrini kwa njia ya waya, ukatumika katika taa au mota, kisha ukarudi betrini kupitia bodi na chesi, maana waundaji waliona ni israfu kuuwekea waya wa kurudia na hali gari zima ni chuma. Waya mnene wa ethi hukiunganisha kichwa hasi na bodi, na mwingine huiunganisha bodi na injini. Bolti zake zikiliwa na kutu, njia ya marejeo huziba. Lakini umeme haukubali kulala nje, hubisha mlango wa jirani. Balbu ya breki ya wati 21 ikikosa njia yake, huusukuma umeme kinyumenyume katika balbu nyingine iliyo karibu, na huko nako ukatafute pa kupenyea, ndipo ukamwamrisha mmoja akaitika mwingine. Stata, ambayo kwa mkupuo mmoja hudai zaidi ya ampea mia, hujaribu kuurudisha mzigo wake kwa kebo nyembamba ya mafuta, na kebo ikapata moto. Olteneta nayo, ambayo yapasa kuilisha betri kwa volti kama 14, hulilisha kutu kwanza na kuiachia betri makombo. Pepo za kusi huleta mvuke wa chumvi mwaka baada ya mwaka, shaba ikageuka kijani na chuma kikawa chekundu, na yote hayo hutendeka chini ya rangi safi, mahali ambapo mnunuzi haangalii wala muuzaji hapaonyeshi. Ama honi, shida yake ilikuwa kinyume: waya wake ulichubuka ndani ya mhimili wa usukani, ukawa waugusa chuma kila tulipokata kulia. Basi palipotakiwa mgusano haukuwapo, na pasipotakiwa ulijileta wenyewe.

Bolti zikafunguliwa, zikapigwa msasa hata zikametameta, zikakazwa na kupakwa grisi. Waya wa honi ukafungwa utepe. Gharama ilikuwa kipande cha msasa, chai na mahamri.

Ningependa kumsifu mzee yule kuwa ndiye kadhi pekee aliyehukumu pasi na upendeleo, lakini insafu hainiruhusu. Yeye pia aliyaona katika gari langu maradhi ya kazi yake. Tofauti ni kwamba mara hii maradhi yalikuwa ya duka lake kwelikweli. Lau angaliletewa gari kutoka Nyeri, lisilopata kunusa bahari, nina yakini angalilamba kidole, akatafakari, akasema, “Chumvi.”

Tangu siku ile gari laenda Kilifi na kurudi kwa utulivu, na kila mshauri adai tiba ni yake. Muuza betri asema ile mpya imekwisha kuzoea. Muuza balbu asema alinionya mapema. Shangazi huutaja ubani kila wageni wanapokuja, na shahidi wake ni mtaa mzima. Sijathubutu kumkanusha hata mmoja, kwa maana kusi ingali ikivuma, gari halipunguzi umri, wala haijulikani maradhi yajayo yatakuwa ya duka la nani.