Namna ya Kukaza Kilengeo Ili Kulungu Wafe kwa Uzee

Umerithi Winchester 1894 ya babu wa mkeo huko Montana, ile aliyoibuni John Browning. Usijione umeokota johari: zilitengenezwa zaidi ya milioni 7 kabla kiwanda cha New Haven hakijafungwa mwaka 2006. Yako ina ziada moja tu, kilengeo cha mbele kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Kwanza toa risasi zote, pamoja na zilizojificha kwenye bomba chini ya mtutu, kisha kagua chemba kwa macho na kwa kidole. Hapo sitanii. Baada ya hapo, karibu kwenye uharibifu.

Kilengeo hicho kimechomekwa kwenye mfuo uliokatwa kukingama mtutu, mpana chini, mwembamba juu. Fundi angebana mtutu kwenye jiliwa lenye vibao, akakigonga taratibu kwa kipande cha shaba, kitoke kushoto kwenda kulia, maana ndiyo desturi. Wewe una msumari wa inchi 6 na nyundo ya kuvunjia mawe. Piga kutoka upande wowote mkono unaofika.

Kimetoka? Safi. Fundi angetia vitone vichache vya senta panchi kwenye sakafu ya mfuo, chuma kivimbe kidogo kibane, au angepachika ukanda mwembamba wa shaba. Kazi ya kimyakimya, haina sifa. Wewe mimina supaglu mpaka itiririke, halafu iondoe kwa msasa pamoja na ile rangi ya buluu ya kiwandani. Wakusanyaji hutoa fedha nzuri kwa ajili ya rangi hiyo, umewapunguzia gharama.

Sasa twende shabaha. Risasi zinapiga kushoto? Sukuma kilengeo kulia. Eti kilengeo cha mbele husogezwa upande uleule wa kosa! Nani aamini? Zikizidi kwenda kushoto, laumu upepo, na kama hakuna upepo, laumu kiwanda cha risasi.

Asikutishe mtu kwa hesabu pia. Vilengeo vikiachana nusu mita, kosa la milimita 1 hapo mbele huwa sentimita 20 kwenye mita 100, yaani kulungu anabaki na moyo wake na wewe unabaki na mboga za majani.

Ukichoka, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Atakutoza kazi mbili: kukaza kilengeo, na kufuta alama za msumari.