Marahaba Katikati ya Rumba

Aibu bado mbichi. Jumapili jioni rumba imekolea, shati langu la maua limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Nikavuka ukumbi mzima hadi meza ya vijana, nikamnyooshea mkono binti mmoja kwa adabu zote za dansi: kiganja juu, kichwa kimeinama kidogo, tabasamu bila kuonyesha pengo. Binti akaupokea kwa mikono yote miwili. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikasema, maana mdomo wa mtu mzima hauulizi ruhusa. Hapo ndipo nilipokwisha. Ukishaitikia marahaba huwezi tena kumshika mtu kiuno, hata bendi ya Sikinde ipige mpaka alfajiri. Kumbe mwenzangu alidhani nimenyoosha mkono kwa sababu miguu imegoma. Akanishika kiwiko taratibu, akanivutia kiti, akanikalisha, akamwita mhudumu. "Maji, tafadhali. Yasiwe ya baridi, yatamkohoza."

Nikanywa. Ningefanyaje? Kamati nzima ilikuwa inatazama, na kamati hiyohiyo ndiyo iliyoazimia kwamba kikundi chetu cha wapenda zilipendwa kinazeeka, kinahitaji damu changa, na mimi, kwa kuwa nina ucheshi, niwe mjumbe wa kuwakaribisha vijana.

Faida ya kukalishwa ni kwamba unaona vizuri. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno: mwimbaji anasimulia mume aliyeteleza, mke aliyevumilia, mshahara uliokwisha kabla ya kodi ya nyumba. Besi inatembea chini, gitaa la ridhimu linakokota, nanyi mmeshikana mnayumba, nyayo zinasota tu. Hapo hakuna kujionyesha. Ufundi wenyewe ni kujizuia, na anayejua humwoni akihangaika; unaona tu kwamba yule mama mikononi mwake amefumba macho. Halafu, dakika nne au tano zikishapita, tarumbeta na saksafoni zinaanza kujibizana, solo linapanda, tumba zinabadilisha lugha. Hilo ndilo chemko. Mikono inaachiana, kiuno kinapewa ruhusa, na kila bendi ilikuwa na mtindo wake: NUTA Jazz ya 1964 na Msondo wao, Mlimani Park ya 1978 na Sikinde, Maquis na Kamanyola, Vijana Jazz na Pamba Moto. Watu walikosana kwa ajili ya majina hayo. Ndugu wa tumbo moja walipanda daladala tofauti kwenda kumbi tofauti.

Sasa mlete hapo kijana wa singeli. Singeli, muziki wa Tandale na Manzese, hukimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika na haina maneno ya kusubiria. Inaanzia pale chemko linapoishia. Kijana mmoja alivumilia sehemu ya kwanza yote kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Chemko lilipoingia akalipuka, akajitupa chini, miguu hewani. Mweka hazina wetu, nesi mstaafu, akapiga kelele kwamba asishikwe kwa nguvu, alazwe ubavu.

Mwingine alichomeka simu yake kwenye spika, katikati ya solo likaingia tangazo la mikopo.

Wawili walibebeshwa spika hadi kwenye bajaji kabla hawajaulizwa majina.

Naandika kwa utani, lakini ukweli nimekasirika, wala si vijana ninaowakasirikia. Sisi tulijifunzia wapi? Zamani palikuwa na bugi, dansi la mchana la wanafunzi, tukakanyagana vidole wenyewe kwa wenyewe pasipo mtu mzima wa kumwamkia. Hakuna aliyetukaribisha. Tulifunguliwa mlango tukaachwa. Na bendi zilikuwa na wenyewe: Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya mabasi, Bima Lee ya Shirika la Bima. Vyombo vya shirika, mshahara wa shirika. Mashirika yalipoyumba bendi zikaachwa zijitafutie, bugi likafa, na kizazi chetu hakikufungua mdomo. Leo tunakaa na soda zetu tunaulizana kwa nini vijana hawajui kusota, halafu tunawatoza kiingilio.

Na tulichowakaribishia ni nini hasa? Mwisho wa jioni katibu aligawa fomu na katiba ya kikundi. Yule binti wa maji akaisoma yote, jambo ambalo sijawahi kuona mwanachama akilifanya.

"Baba, samahani. Mwanachama akifariki, kila mmoja anatoa elfu ishirini?"

"Ndiyo, mwanangu. Tunazikana hapa. Sisi ni familia."

Akanyanyua macho. Akazitazama meza zetu moja baada ya nyingine, zile mvi, zile fimbo zilizoegeshwa ukutani, dawa za presha kando ya glasi, midomo yake ikitikisika polepole. Alikuwa anahesabu.

"Sasa mimi," akauliza, kwa heshima zote, "atanizika nani?"

Katibu akakohoa, akafungua daftari, akasema hoja imepokelewa na itajadiliwa kikao kijacho, kwenye mengineyo.